Mti mkavu: uuache usimame, upige pete, ubakize kisiki kirefu au ulaze gogo? Njia nne za kuwatunzia mbawakawa makazi katika misitu inayovunwa

Anayesimamia msitu wa kijiji Kisarawe, shamba la mitiki Mkuranga au kitalu cha mikaratusi Kibaha hufika wakati akakuta mti uliokauka ukiwa bado umesimama, na lazima aamue. Mazoea ni kuuangusha, kukata kuni na kufagia eneo lote. Mazoea hayo yana sababu zake, lakini yanaondoa makazi ya kundi kubwa la wadudu ambao hawawezi kuishi kwenye mti wenye uhai. Nchini Finland, ambako viumbe wa msituni wamehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, aina kati ya 4,000 na 5,000 hutegemea miti iliyokufa, yaani kati ya 20 na 25 katika kila aina 100 za viumbe wa msituni. Mbawakawa ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Makala hii inalinganisha njia nne zinazowezekana kwenye misitu inayovunwa Dar es Salaam na wilaya jirani za Pwani: kuacha mti uliojifia wenyewe, kuua mti kwa kupiga pete ya gome, kubakiza kisiki kirefu wakati wa kuvuna, na kulaza gogo chini. Hakuna iliyo bora kila mahali. Njia inayofaa pembeni ya Msitu wa Pugu inaweza kuwa balaa kwenye shamba lililopakana na minazi.

Kwanza, wanaoishi humo

Mti ukifa, wageni wake hufika kwa zamu. Wa mwanzo, mara nyingi ndani ya wiki chache, ni mbawakawa wadogo wa kutoboa ambao hawali mti wenyewe. Hubeba vimelea vya ukungu mwilini, huvipanda kwenye kuta za vishimo vyao, na mabuu yao hula ukungu huo. Vishimo vina upana wa milimita 1 hadi 2 na kuta zake huwa nyeusi. Pamoja nao huja mbawakawa wa chini ya gome, wanaochora njia zao kati ya gome na mti.

Baadaye huingia mbawakawa wenye vipapasio virefu, na wale wenye mng'ao wa kijani au shaba wanaopenda shina linalopigwa na jua. Tofauti yao unaiona kwenye tundu la kutokea. La wenye mng'ao ni kama yai lililobanwa upande mmoja, kwa sababu mwili wao ni bapa. La wenye vipapasio virefu ni la duara au yai pana, na chini yake utakuta nyuzinyuzi za mti zilizotafunwa kwa ukali. Ukikuta tundu la duara kamili, la milimita 2 hadi 6, kama limetobolewa kwa keekee, huyo ni mbawakawa wa kutoboa mti mkavu. Unga laini kama wa ngano unaomwagika kwenye vitundu vidogo ni kazi ya wadudu wa kusaga weupe wa mti, yaani ile sehemu laini ya nje inayozunguka kiini.

Hao wote wana maadui wao, mbawakawa wawindaji wanaopita chini ya gome wakila mabuu ya wenzao. Gome likianguka zamu hiyo inakwisha. Inaanza ya kuvu na uozo, na mwisho kabisa, mti mnene ukishaoza ndani na kuwa na uwazi uliojaa unga wa mti, hukaa humo mabuu makubwa meupe yaliyojikunja ya mbawakawa wa maua. Hao ndio wagumu kuwapata katika msitu unaovunwa, kwa kuwa uwazi wa namna hiyo hautokei kwenye mti mwembamba wala kwa msimu mmoja.

Uhusiano huu ni wa kale kwenye pwani hii. Sandarusi iliyochimbwa ardhini na kuuzwa nje kupitia Bagamoyo na Zanzibar katika karne ya 19 hukutwa na mbawakawa wa kutoboa miti walioganda ndani yake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa chini imepimwa kwa maswali yale yale. Inawasaidia mbawakawa gani, wa zamu ya mwanzo tu au hata wa mwisho? Itadumu muda gani mbele ya mchwa na moto? Ina hatari gani kwa watu na kwa mazao ya jirani? Inahitaji kazi kiasi gani, na itawezaje kunusurika mahali ambapo kuni na mkaa vinatafutwa kila siku? Kisha inamfaa nani.

Kigezo cha mchwa kinahitaji maelezo, maana ndicho kinachotutofautisha na wenzetu. Miongozo mingi ya miti mikavu imetoka Ulaya. Huko hupendekezwa meta za ujazo kati ya 20 na 50 za mti mkavu kwa hekta, kutegemea aina ya msitu. Kwetu mti mkavu hauna maisha marefu namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika katika maeneo 133 duniani, ulionyesha kwamba kasi ya mchwa kula mti huongezeka zaidi ya mara 6 kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Utafiti mwingine wa 2021, uliotumia vipande vyembamba vya mti katika misitu ya mabara sita, ulikuta kwamba katika nchi za joto mti uliokufa hupoteza karibu asilimia 28 ya uzito wake kwa mwaka. Kwa hiyo hapa lengo la ujazo halitoshi. Kinachohitajika ni mtiririko: kila baada ya miaka michache pawe na mti mwingine unaoanza kukauka.

Hesabu nayo inafundisha. Ujazo wa mti uliosimama hukadiriwa kwa kuzidisha 0.785 kwa kipenyo cha usawa wa kifua (meta 1.3 kutoka ardhini) kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha kwa urefu, kisha kwa 0.5 kwa sababu shina hupungua kuelekea juu. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa meta 12 unatoa meta za ujazo 0.42. Kufikia 20 kwa hekta ungehitaji miti kama hiyo 47, na hakuna mwenye shamba la miti atakayekubali. Ila mti mmoja wa sentimita 60 wenye urefu wa meta 18 unatoa 2.5. Unene ndio wa kutafuta kwanza.

Jambo jingine lililothibitishwa kwa majaribio nchini Ujerumani: kuchanganya aina za miti na kuacha jua lifike kwenye sehemu ya mti mkavu huongeza aina za mbawakawa kuliko kulundika mti wa aina moja kivulini. Sababu ni kwamba wadudu wa zamu ya mwanzo huchagua sana mti. Anayekula mti mkavu wa jamii ya mkongo huenda asiguse mkaratusi kamwe. Kadiri uozo unavyoendelea uchaguzi huo hupungua.

Njia ya kwanza: kuacha mti uliojifia

*Mbawakawa.* Hii ndiyo inayotoa makazi ya aina nyingi kwa pamoja. Mti uliokufa polepole kwa uzee, radi au ukame huwa na tawi lililokauka zamani, shina lenye gome bado, upande wa jua na upande wa kivuli, pengine na uwazi ulioanza kuoza mti ukiwa hai. Zamu zote nilizoeleza zinaweza kuwemo kwa wakati mmoja. Hakuna njia ya kutengeneza inayofikia hapo haraka.

*Muda.* Mti uliosimama huoza taratibu kuliko uliolala, kwa sababu haunyonyi unyevu wa udongo na upepo huukausha. Mchwa hupanda pia, utaona vijia vyao vya udongo kwenye shina, lakini huanzia chini na kupanda kwa hatua. Mti wenye kiini kigumu kama mkongo, mninga au mpingo hudumu miaka mingi baada ya weupe wake kuliwa. Msufi wenye mti laini huporomoka mapema. Adui mkubwa ni moto wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba: mti wenye uwazi ndani huvuta moto kama bomba na kurusha cheche mbali. Fyeka nyasi kuzunguka shina kwa meta 3 kabla ya Juni.

*Hatari.* Mti uliojifia hauna ratiba ya kuanguka. Kanuni ya kufuata ni kutoacha mti mkavu karibu na njia, nyumba, kambi ya wavunaji au nyaya za umeme kwa umbali usiofika mara moja na nusu ya urefu wake. Mti wa meta 16 unahitaji meta 24. Mashina yaliyopasuka wima na matawi yaliyoning'inia ndiyo yanayoua watu, mara nyingi wakati mti wa jirani unaangushwa na kutikisa ardhi. Kwa hiyo weka alama ya rangi inayoonekana pande zote nne kabla wakata miti hawajaingia, na usipange kuangusha mti wowote kuelekea huo mkavu.

Kuhusu mazao, hofu kubwa ni kwamba mti mkavu utazaa wadudu watakaoua miti hai. Kwa sehemu kubwa hofu hii imewekwa mahali pasipo pake. Wadudu wa chini ya gome wanaoweza kuhamia kwenye mti dhaifu wanahitaji gome bichi. Mti ambao gome lake limeshabanduka hauwazai tena, na kuukata wakati huo ni kuwaondoa wawindaji tu. Isipokuwa kuna miti fulani ambayo nitairudia chini, maana kwa hiyo hofu ina haki.

*Kazi na kuni.* Gharama ya kutengeneza ni sifuri. Gharama halisi ni ulinzi. Mti mkavu uliosimama wazi pembeni ya barabara ya Vikindu au Kazimzumbwi hautaona masika mawili. Kijiji kilichoweka katika sheria ndogo kwamba kuni za kuokota ni matawi yaliyoanguka yenye unene usiozidi mkono wa mtu mzima, na kwamba mti wenye alama haukatwi, kinapata nafasi. Kisichofanya hivyo kisitegemee alama ya rangi peke yake.

*Inamfaa* mwenye msitu wa asili, hasa msitu wa hifadhi ya kijiji wenye kamati ya maliasili inayofanya doria, na mwenye miti minene ya asili iliyobaki ndani ya shamba.

Njia ya pili: kupiga pete

Kupiga pete ni kuondoa gome kuzunguka shina lote ili chakula kisishuke mizizini, na mti ufe ukiwa umesimama. Nchini Myanmar mitiki ilikuwa ikipigwa pete na kuachwa miaka miwili au mitatu ikauke kabla ya kukatwa, ili magogo yaelee mtoni. Mbinu ni ile ile, nia tu ndiyo tofauti.

*Mbawakawa.* Mti hufa polepole na kwa hiyo hukaa muda mrefu kwenye hali ya udhaifu ambayo wadudu wa gome na wenye vipapasio virefu huitafuta. Faida kubwa ni kwamba wewe ndiye unayechagua: aina gani, unene gani, na upande gani wa jua. Kasoro ni kwamba mti wenye afya uliouawa hauna uwazi wala uozo wa ndani, hivyo wakazi wa mwisho watasubiri sana.

*Muda.* Hesabu miezi kadhaa hadi zaidi ya miaka miwili kabla mti haujafa kabisa. Msonobari huwahi kufa, mtiki na mkaratusi hubisha. Baada ya hapo hudumu kama mti wowote mkavu wa unene wake, ila pale penye pete ni dhaifu na upepo wa masika unaweza kuvunja shina hapo.

*Namna ya kufanya.* Fanya kazi hii wakati wa masika, Machi hadi Mei, mti unapokuwa na maji mengi na gome linabanduka lenyewe. Kiangazi gome hung'ang'ania na utaacha vipande.

Funga kamba mbili kuzunguka shina, moja usawa wa meta 1 na nyingine sentimita 30 juu yake. Kata kwa panga au shoka dogo kufuata kila kamba hadi ufike kwenye mti mweupe, kisha chana mkato mmoja wa wima na ubandue gome kwa ncha ya panga. Usiishie hapo. Chini ya gome kuna utando mwembamba unaoteleza, na huo ndio unaojenga gome jipya. Ukwangue kwa mgongo wa panga mpaka uso wa mti uwe mkavu na usiteleze tena. Kwa mkaratusi ongeza mfereji wa kina cha sentimita 1 hadi 2 katikati ya pete. Kwa mtiki kata mpaka uvuke weupe wote na uone kiini cha kahawia, maana weupe unaobaki huendelea kupeleka maji juu na mti utaendelea kutoa majani kama vile haukuguswa.

Makosa ni machache na hujirudia. La kwanza ni daraja la gome: kipande chenye upana wa vidole viwili kilichosahaulika upande wa nyuma kinatosha kuuponya mti. Mtiki hulisababisha zaidi kwa sababu sehemu ya chini ya shina lake ina mifereji mirefu na gome hujificha ndani yake, kwa hiyo pandisha pete hadi juu ya mifereji hiyo, hata kama ni meta 1.3. La pili ni pete nyembamba, chini ya sentimita 10, ambayo kovu huweza kuivuka. La tatu ni machipukizi. Mkaratusi, mtiki na mjohoro huchipua chini ya pete, na machipukizi yakiachwa mizizi hulishwa upya. Rudi baada ya wiki 6 hadi 8, yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini, na urudie mpaka yakome.

*Hatari.* Umbali wa usalama ni ule ule wa mara moja na nusu ya urefu. Kwa mazao, usipige pete mikaratusi mingi kwa mara moja wakati wa ukame. Mbawakawa mwenye vipapasio virefu aliyetoka Australia, Phoracantha semipunctata, amesambaa sehemu nyingi za Afrika, na hupenda mikaratusi yenye kiu na magogo mabichi yenye gome. Miti miwili au mitatu kwa hekta, wakati wa mvua, jirani zake wakiwa na nguvu, haileti shida hiyo.

Kwa miti ya asili, sheria nayo iangaliwe. Msitu wa hifadhi una taratibu zake chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na miti kama mninga, mpingo na mvule haiguswi kiholela hata ikiwa shambani kwako. Muone afisa misitu wa wilaya kwanza. Hata bila sheria, kuua mti wa asili wenye afya ili kupata mti mkavu ni hasara. Pete ni ya miti ya kigeni na ile ambayo ingepunguzwa hata hivyo.

*Kazi na kuni.* Mtu mmoja mwenye panga kali anamaliza mti wa sentimita 30 chini ya saa moja. Hahitaji chensoo wala mafuta. Na kwa kuwa mti ulio na majani haumvutii mtafuta kuni, hupata kinga mwaka wa kwanza.

*Inamfaa* mwenye shamba la miti anayepunguza miti: badala ya kuangusha yote iliyowekewa alama, michache hupigwa pete. Pia anayetaka kuondoa miti ya kigeni iliyoingia msitu wa asili bila kuvunja miche inayokua chini yake.

Njia ya tatu: kisiki kirefu

*Mbawakawa.* Uswidi, mashamba yenye cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha usimamizi bora wa misitu, hutakiwa kuacha au kutengeneza visiki virefu au miti iliyopigwa pete, angalau mitatu kwa hekta kwa wastani, na mashine ya kuvuna hukata shina kwenye meta 3 hadi 5. Wadudu wengi wa jua hukaa humo, kwa kuwa kisiki husimama katikati ya eneo lililovunwa peupe. Tatizo letu ni mashine. Kwa chensoo ya mkononi haikatwi juu ya mabega, kwa sababu msumeno ukiruka nyuma unafika usoni, na kupanda ngazi na chensoo ni kutafuta kifo. Kwa hiyo kisiki cha kwetu ni cha meta 1.2 hadi 1.4. Kisiki cha meta 1.3 chenye kipenyo cha sentimita 30 kina meta za ujazo 0.09. Vinahitajika vitano kukaribia mti mmoja uliosimama wa unene huo.

*Muda.* Mfupi. Kipo karibu na ardhi na mchwa wanakifikia kote. Upande mwingine, mti unaochipua hautakufa kabisa: kisiki cha mtiki au mkaratusi ni mche mpya, si mti mkavu. Njia hii ina maana kwa misonobari, ambayo haichipui, au kwa visiki unavyokubali kupukutisha machipukizi.

*Hatari.* Ndogo kuliko zote. Hakianguki juu ya mtu. Kikwazo ni kwa matrekta na wakokotaji magogo, kwa hiyo viache pembezoni mwa njia za kukokotea, si ndani yake.

*Kazi na kuni.* Unapoteza meta moja ya chini, ambayo ndiyo nene na yenye thamani. Chagua mashina yaliyopinda chini, yenye uozo au majeraha ya moto. Mbao zake zingekataliwa kiwandani hata hivyo, na kwa mbawakawa kasoro hizo ni faida. Kisiki kifupi hakimvutii sana mchoma mkaa, ingawa shoka hupita.

*Inamfaa* shamba la misonobari, na maeneo ya mjini. Mti uliokauka kwenye uwanja wa shule, makaburini au kando ya barabara Dar es Salaam hauwezi kuachwa wote, lakini fundi mwenye mkanda wa kupandia na msaidizi chini anaweza kuushusha kwa vipande na kubakiza meta 3 au 4 za shina.

Njia ya nne: gogo chini

*Mbawakawa.* Kundi tofauti. Jamii ya mbawakawa weusi wanaong'aa, ambao wazazi hukaa pamoja na mabuu na kuyalisha mti uliotafunwa, hutaka gogo lenye unyevu na uozo. Mti mkavu uliosimama juani hauwapi hali hiyo. Msitu wenye miti iliyosimama tu bila magogo kivulini una pengo.

*Muda.* Mchwa hulimaliza haraka. Gogo nene la mti mgumu, sentimita 30 na zaidi, lililowekwa juu ya mawe mawili au vipande vya magogo ili lisigusane na udongo kwa urefu wake wote, huchelewa.

*Hatari.* Kwa watu ni ndogo. Kwa moto ni kubwa likiwa kwenye nyasi. Gogo bichi la mkaratusi lenye gome lisiachwe shambani: limenye gome ndani ya wiki chache baada ya kukata.

*Kazi na kuni.* Hakuna kazi, ila ndilo la kwanza kubebwa. *Linamfaa* mwenye bonde lenye kivuli au ukingo wa kijito mbali na njia.

Miti isiyoachwa imekauka, kwa njia yoyote

Mnazi uliokufa umesimama ndio makazi ya mbawakawa mwenye pembe, Oryctes monoceros, anayetoboa kilele cha minazi hai. Mabuu yake hukua ndani ya shina linalooza. Palipo na ugonjwa wa kunyong'onyea, minazi mingi hufa kwa pamoja, na kila shina lililosimama huongeza wadudu hao kwa minazi iliyonusurika. Angusha, pasua shina, choma au zika.

Mkorosho uliouawa na fukusi wa mkorosho, Mecocorynus loripes, huondolewa pia. Dalili zake ni utomvu mweusi na unga wa mti vikitoka kwenye gome la shina. Mabuu na mabundo hubaki chini ya gome hata mti ukishakauka, kwa hiyo kuukata na kuuacha umelala karibu na mikorosho mingine hakusaidii.

Na ghala la mahindi? Dumuzi ni wa jamii ya watoboa mti mkavu na huweza kuishi hata porini, kwa hiyo usiweke rundo la matawi makavu ya unene wa kidole jirani na ghala. Mti mnene ulioko msituni si chanzo cha kuhangaikia.

Uchague vipi kwa hali yako

Msitu wa asili wa kijiji wenye doria: acha miti iliyojifia yote iliyo mbali na njia, tanguliza ile minene na yenye uwazi, ongeza magogo bondeni. Usipige pete mti wa asili.

Msitu wa asili usio na doria, karibu na makazi: tafuta miti mikavu iliyo ndani, angalau dakika 20 za mwendo kutoka njia ya gari, na ukubaliane na wachuma kuni sehemu yao kabla ya kuweka alama. Ya pembeni waachie wao.

Shamba la mitiki au mikaratusi: piga pete miti 2 hadi 3 kwa hekta katika kila zamu ya kupunguza, masika, kando ya mpaka unaopigwa na jua. Pasipo na miti ya asili ndani ya shamba, acha ukanda wa meta 10 kwenye mto au korongo ijiotee; bila hiyo, mbawakawa wa asili watakuwa na mti mkavu wa kigeni peke yake.

Shamba la misonobari: visiki virefu 5 kwa hekta kwenye uvunaji wa mwisho, kutoka mashina yenye kasoro, pamoja na miti michache ya pete kwenye upunguzaji wa kabla yake.

Shamba dogo la ekari mbili au tatu Kigamboni au Bagamoyo lenye minazi, mikorosho na miti michache ya kivuli: ondoa minazi na mikorosho iliyokufa, lakini mwembe mzee au msufi uliokauka mbali na nyumba ukatwe matawi ya hatari na shina liachwe.

Mjini: shina la meta 3 hadi 4, basi.

Ukitaka kujua kama njia uliyochagua inafanya kazi, chagua miti mitano, chora kwenye kila shina mraba wa sentimita 50 kwa 50 upande wa jua, na uhesabu matundu kwa umbo na upana kila mwisho wa masika. Kipimo kingine ni bamba la plastiki angavu la sentimita 40 kwa 60 lililoning'inizwa wima kando ya shina, chini yake beseni lenye maji, kijiko cha chumvi na matone ya sabuni. Mbawakawa anayeruka hugonga bamba na kudondoka. Kagua kila wiki, kwa sababu joto la pwani huozesha wadudu haraka. Yakionekana matundu ya umbo moja tu mwaka hadi mwaka, aina ya mti au upande wa jua ndio wa kubadili kabla ya kuongeza idadi.